Daraja la Baba Mkwe

Mimi ni dereva wa pikipiki, na nikijidai kwa hilo nisamehewe, maana nimelitolea jasho. Barabara ya kushuka kutoka Tukuyu mjini kwenda Masukulu naijua kuliko ninavyolijua jiko langu. Najua mahali udongo unapoteleza hata siku ya jua, najua kona ambayo mvua huichimba mfereji mpya kila wiki, na najua mbwa wa nyumba gani hukimbiza tairi na wa nyumba gani hubweka kutafuta sifa tu. Miaka yote nimepandisha ndizi na vidumu vya maziwa kwenye ule mlima. Mtu aliyezoea kuupanda na mikungu minne mgongoni mwa pikipiki, mvua ikimchapa usoni, huwezi kumtisha kwa kumwambia kuna mashindano.

Mashindano yenyewe yalizaliwa na ubishi. Madereva wa kijiwe cha stendi walikuwa wamenunua pikipiki mpya, wakaanza kutucheka sisi wa kijiwe cha Makandana, karibu na hospitali, kwamba zetu ni chuma chakavu. Sisi tukawajibu kwamba mbio fupi hata kuku anaweza. Tuone nani atadumu. Ubishi ukapanda, watu wazima wakauingilia, na mwishowe likapangwa shindano la kutwa nzima. Kila timu ilete pikipiki moja na madereva watatu wa kupokezana, kuanzia asubuhi ukungu unapoinuka mpaka filimbi ya jioni. Njia ni kutoka uwanja wa mpira, kushuka Masukulu, kupitia Suma, kisha kuupanda mlima kurudi uwanjani. Dereva anakwenda mzunguko mmoja, anarudi, anamkabidhi mwenzake, na hakuna ruhusa ya mtu mmoja kwenda mizunguko miwili mfululizo. Timu yenye mizunguko mingi ndiyo bingwa. Wakilingana, bingwa ni anayetangulia kuingia uwanjani.

Kapteni wetu alikuwa mwenye duka la vipuri pale kijiweni, Mwislamu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Ndiyo maana mimi na yeye tunagombana vizuri, kelele zote napiga mimi. Wa pili alikuwa kijana mwenye miguu mirefu kupita kiasi, tukimwita Mrefu na basi. Wa tatu nilikuwa mimi. Fundi alikuwa mume wangu, ambaye anaweza kuisikiliza injini akiwa anakula na akakwambia plagi inataka kubadilishwa.

Nilitaka kitu kimoja tu, mzunguko wa mwisho. Wale wa stendi walikuwa wametangaza kwamba Makandana wameweka mwanamke ili picha zipendeze. Maneno hayo yalinikera mpaka nikashindwa kula. Nikamwendea kapteni dukani, nikashika kiuno, nikamwambia kwamba jioni pikipiki itaingia uwanjani nikiwa mimi juu yake, la sivyo watafute mtu mwingine wa kupigia picha. Akatabasamu.

"Sawa, shem," akasema. "Utaanza wewe. Ukianza vizuri, utamaliza wewe."

Tukapeana mikono.

Sasa lazima niseme habari za baba mkwe, maana asiye wa huku ataona tumerukwa na akili. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake. Akimwona anakuja, hutoka njiani na kujificha mpaka mzee apite. Mzee naye akimwona mkwe kwanza, hugeuza njia. Siku hizi wengi wameacha, wako wanaokula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana. Mimi sikuacha, na hakuna aliyenilazimisha. Mama mkwe alinifundisha nikiwa bado bibi harusi, nami nikaona kwamba mzee mwenyewe anaitunza adabu hiyo kuliko hata mimi. Tangu niolewe sijauona uso wake wote. Namjua kwa mgongo, kwa kofia yake ya sufu, na kwa namna anavyosafisha koo akipita nyuma ya nyumba.

Lakini asidhani mtu kwamba hatujuani. Nilipoanza kazi ya pikipiki, watu walimwendea wakamwambia mkwe wako amegeuka mwanamume. Yeye alichukua jembe akaja kupanua njia ya kuingia nyumbani kwetu, ili pikipiki ipite bila kuchuna migomba. Mimi nilikuwa ndani, namsikia anavyolima. Nililia kidogo kwa furaha, nikapika chai, nikampa mama mkwe ampelekee.

Waandaaji wa shindano walitaka kila daraja liwe na mlinzi wa kuzuia ng'ombe na watoto. Chini kule Masukulu kuna daraja la mbao, jembamba, la kupita pikipiki moja kwa wakati, na ng'ombe huvushwa hapo kwenda majini. Wakauliza kijijini ni mzee gani anayesikilizwa na watu na ng'ombe pia. Wakapewa baba mkwe wangu. Wakamvika kizibao cha njano kinachong'aa, wakamkabidhi bendera mbili, nyekundu na kijani, mbele ya watu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkwe wake ni dereva. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshinda siku tatu tukifungua na kufunga injini, hatukusikia lolote.

Asubuhi ya shindano nilianza mimi, kama tulivyokubaliana. Na nilianza vizuri, nani asema sikuanza vizuri? Kabla hatujamaliza mashamba ya chai nilikuwa nimeziacha timu zote, dereva wa stendi na pikipiki yake nyekundu mpya akila tope langu. Nikaziteremka zile kona bila kufunga breki, naimba ndani ya helmeti. Nikakata kona ya mwisho kabla ya daraja, na hapo mbele nikaona kizibao cha njano. Juu ya kizibao, kofia ya sufu.

Mwili ulitenda kabla ya kichwa. Nilikata kushoto, nikaingia migombani na pikipiki yote, nikazima injini, nikachutama. Na nilikuwa nimevaa suruali! Nikaivuta kanga niliyokuwa nimejifunga chini ya jaketi, nikajizungushia kiunoni, nikainamisha kichwa na helmeti yake, nikangoja mzee apite.

Mzee hakupita. Nikazidi kungoja. Nikasikia pikipiki ya stendi inapita, mbao za daraja zinagonga. Ikapita ya pili, kisha zilizobaki. Nikachungulia kati ya majani, na darajani hapakuwa na mtu.

Kumbe naye aliponiona alitimua mbio kuingia kwenye mibuni upande wa pili wa barabara, na huko alikuwa amechutama, bendera zake mapajani, anangoja mimi nipite! Mimi namngoja yeye, yeye ananingoja mimi. Watu wazima wawili, kila mmoja na kichaka chake. Na kwa kuwa daraja lilikuwa halina mlinzi, ng'ombe wakaja. Wakajaa juu ya zile mbao, wakasimama wakitafuna, hawana haraka na mtu.

Jirani mmoja alikuwa anapandisha kutoka shambani na tenga la parachichi kichwani. Akasimama barabarani. Akaitazama migomba, akaitazama mibuni, akaelewa.

"Gwe! Wewe!" akaniita, huku anacheka mpaka tenga linatikisika. "Mkwe wako naye kajificha! Atoke mmoja, jamani, tutafika kesho!"

Hakutoka mtu. Ikabidi yeye atue tenga, awaswage ng'ombe, aende akazungumze na mibuni, kisha aje kuzungumza na migomba. "Mzee ameteremka mtoni," akanambia. "Pita upesi." Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, nikawasha, nikapita nikiwa wa mwisho katika timu zote.

Uwanjani kapteni alinipokea kwa sauti yake ileile.

"Umeanguka, shem?"

"Sijaanguka."

"Pancha?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Baba mkwe," nikasema. "Ndiye mlinzi wa daraja."

Mrefu alikuwa ameshaondoka na pikipiki kwa zamu yake, la sivyo angecheka hadi akae chini. Alicheka baadaye. Wale wa stendi walikuwa wameanza zamani, wakiuliza kwa sauti kubwa kama dereva wetu aliingia migombani kuchimba dawa. Kapteni hakucheka. Alivua kofia yake, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Zamu zako tutazichukua sisi," akasema. "Mimi na Mrefu tutapokezana."

"Kapteni, ile njia hakuna anayeijua kama mimi!"

"Njia unaijua. Tatizo ni mzee."

"Kwa hiyo nimkanyage?"

"Hapana, shem. Ndiyo maana nasema upumzike."

Nilipiga kelele zangu zote, uwanja mzima ukageuka kutazama, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Mrefu aliporudi akaniletea ushauri wa bure. "Sista, shusha kioo cha helmeti, upite. Hatakuona sura." Watoto wa siku hizi! Shida haikuwa sura. Shida ilikuwa kumpita mzee usoni nimepanua miguu juu ya pikipiki, na suruali, matope yakimrukia kifuani, mzee ambaye miaka yote hii hajanivunjia heshima hata mara moja. Nisingefanya. Kama bei ya kombe ni hiyo, kombe walichukue wao.

Mume wangu akaazima pikipiki ya rafiki, akashuka Masukulu kuzungumza na baba yake. Alirudi amekunja uso.

"Haondoki," akasema. "Anasema alikabidhiwa bendera mbele ya watu. Akitoka ng'ombe watarudi, na dereva ataumia."

"Si ampe mtu mwingine aishike?"

"Nimemwambia. Anasema bendera si jembe la kuazimana."

"Na kuhusu mimi amesemaje?"

"Amesema wewe upite tu."

"Nipite wapi? Juu ya kofia yake?"

"Hakusema, mke wangu."

Nikakaa juu ya tairi la akiba, nikawa mtu wa kupokea pikipiki, kuijaza mafuta, kuikwangua tope kwenye injini, kumpa anayeondoka maji ya kunywa. Nilifanya kazi hizo kwa hasira, lakini nilizifanya. Mume wangu alikaza cheni kila iliporudi. Na taratibu mambo yakaanza kugeuka. Wa stendi walikuwa wanaiendesha ile nyekundu yao kama ya kuiba, na jua lilipoanza kushuka ikawa ikiingia uwanjani inanuka klachi. Timu nyingine ziliachwa, moja ilivunja spoketi ya cheni, nyingine dereva wake alikataa kuendelea. Chuma chetu chakavu kilikuwa kinaunguruma vilevile kama asubuhi. Kila mzunguko tuliwakaribia, mpaka mizunguko yetu ikalingana na yao, wao wakiwa mbele kidogo tu.

Kisha mvua ikanyesha, mvua yetu ya Rungwe isiyobisha hodi. Wahenga wanasema kuteleza si kuanguka. Mrefu, kule Suma, alifanya yote mawili. Alirudi akiendesha kwa mkono mmoja, bega limeteguka, machozi yamechanganyika na mvua, akawa bado anauliza amepoteza muda kiasi gani. Akapelekwa hospitali. Kapteni akapanda, akaenda, akarudi anatetemeka kwa baridi. Dereva wa stendi alikuwa ametoka uwanjani punde hivi, na waandaaji wakatangaza kwamba huo ndio mzunguko wa mwisho. Kapteni hakuruhusiwa kurudia. Alinitazama. Nilikuwa nimeshavaa helmeti.

"Na darajani, shem?"

"Nitapita," nikasema.

Nilisema kwa kujiamini kwa sababu ndiyo sauti niliyozaliwa nayo. Ukweli ni kwamba sikujua nitapitaje. Nilijua jambo moja tu, na nilikuwa nimeliamua nikiwa juu ya lile tairi. Nikimkuta amenielekea, nitaingia migombani tena, na stendi watachukua kombe, na watanicheka mpaka nizeeke. Iliniuma sana. Lakini nilishaamua, na nikishaamua huwa sirudi nyuma.

Niliendesha siku ile, jamani. Sijawahi kuendesha vile kabla wala baadaye. Penye utelezi niliweka tairi kwenye nyasi za ukingoni, kama tunavyofanya tukiwa na mzigo wa ndizi. Penye mfereji nilisimama juu ya vikanyagio nikaiacha pikipiki ichague yenyewe. Kabla ya zile kona za Masukulu nikaiona taa nyekundu ya nyuma ya yule wa stendi. Anafunga breki kila kona. Nikajua ninamweza. Nikajua pia kwamba kumweza kwangu kunategemea mzee mmoja aliyesimama kwenye mvua huko chini.

Nikakata kona ya mwisho.

Kizibao cha njano kilikuwepo. Kofia ilikuwepo. Lakini nilichokiona ni mgongo. Mzee alikuwa amesimama ukingoni kabisa mwa daraja, ameipa barabara kisogo, uso ameuelekeza mtoni wanakotokea ng'ombe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa pembeni, na mwishoni mwa mkono, bendera ya kijani imelowa chapachapa. Haikutikisika.

"Buka!" akapaza sauti bila kugeuka. Nenda! "Buka, gwe! Buka!"

Nikapita. Nilipita nyuma ya mgongo wake kwa mwendo wote niliokuwa nao, mbao zikapiga kelele chini yangu, na sikuinamisha kichwa kwa sababu hapakuwa na wa kuinamishiwa. Nilikuwa nalia, na kilio ndani ya helmeti ni usumbufu mkubwa, hujui ufute kwa nini. Nilimpata yule wa stendi katikati ya mlima wa kurudi mjini. Klachi ilikuwa imemkataa, anasukuma kwa miguu. Nikampita kwa upande wa nyasi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia tangu wiki iliyopita, maneno mazuri ya kuhusu picha, ila nilipomfikia yalinitoka kichwani yote. Nikaingia uwanjani peke yangu.

Kapteni alipandisha sauti. Mashahidi wapo. Alipiga ukelele mpaka kofia ikamwanguka, na Mrefu, ambaye alikuwa amerudi kutoka hospitali mkono umefungwa shingoni, akajaribu kunibeba kwa mkono uliobaki, tukaanguka wote wawili topeni.

Jambo lenyewe nililijua kesho yake, mama mkwe aliponisimulia tukimenya ndizi. Mume wangu alipoondoka pale darajani, mzee alirudi ukingoni mwa daraja. Kisha kila aliposikia pikipiki inateremka, iwe ya nani, aligeuka akaipa kisogo, akanyoosha bendera. Watu walimwambia, mzee, hii si ya mkwe wako, tazama tu. Akasema heri azikose zote kuliko kukosea moja. Na alikuwa ameutamani mchezo ule kuliko mtu yeyote kijijini. Wiki nzima alikuwa akiuliza watapita saa ngapi, watapita wangapi. Mashindano yalipita mbele ya mlango wake kutwa nzima, na tangu mchana ule hakuitazama pikipiki hata moja.

Jioni hiyo wazee wenzake walikuja kumpongeza. Walikaa barazani kwake, mimi nikiwa jikoni kwa mama mkwe, ukuta katikati. Nikamsikia anawasimulia mzunguko wangu wa mwisho, kona kwa kona, tangu juu kwenye mashamba ya chai: hapa alipunguza, hapa aliongeza, hapa alimkaribia yule wa mbele. Mmoja akamkatisha.

"Kwani ulimwona?"

"Nimwone kwa nini?" akasema baba mkwe wangu. "Zote zilikuwa zinalia breki zikifika pale juu. Moja haikulia. Nikajua huyo ni mwanangu anakuja."

Nilitamani kutoka nikamshike mikono yote miwili. Sikutoka. Nilibaki na kisu changu na ndizi zangu, nikamsikiliza mpaka alipofika mwisho. Wenzake wakamwomba aanze tena, naye akaanza.